Subira ya Muhogo Mchungu

Mgeni atokaye ng'ambo hustaajabia kwa urahisi upishi wa Bara Hindi: viungo vikaangwe kimoja kimoja, visagwe, nyama ilazwe katika mtindi usiku kucha. Kazi hiyo yote hufanywa kwa ajili ya ladha. Mgeni huyo huyo akifika Lulindi, kati ya Masasi na Newala, ataona upishi usiopungua hatua, lakini pengine asiuhesabu kuwa upishi. Wageni wamefika huko tangu zamani. Daktari Mwingereza Leader Stirling, aliyekuja kuwa Waziri wa Afya wa Tanzania, alianza kazi katika hospitali ya misheni ya Lulindi mwaka 1935.

Muhogo mchungu humenywa, hupasuliwa na kuanikwa juani siku nyingi hata uwe makopa. Wengine huuvundika kwanza mpaka uote ukungu. Ndipo hutwangwa, huchekechwa, na unga wake kusongwa ugali. Mgeni huuliza: kwa nini usichemshwe tu, ukaliwa?

Jibu limo ndani ya muhogo wenyewe. Chembe hai zake zina linamarini, ambayo ni sukari iliyofungamana na sianidi. Kando yake, katika kuta za chembe, kipo kimeng'enya kiitwacho linamarasi. Muhogo ukiwa mzima, viwili hivi havikutani. Ukipondwa au ukivundikwa, hukutana. Linamarini huvunjika, na mwisho wake hutoka haidrojeni sianidi, sumu ambayo huchemka kwenye nyuzi 26 hivi za Selsiasi, na kwa hiyo hupeperuka hewani. Kuchemsha mizizi mizima hakusaidii sana, kwani moto huua kimeng'enya, nayo linamarini hustahimili joto na kubaki chakulani.

Katika sehemu nyingi za Kongo muhogo hulowekwa siku tatu au zaidi, na sumu karibu yote huondoka. Lakini uwanda wa juu wa Makonde ni nchi ya shida ya maji. Ndoo iliyopandishwa mlimani kichwani haimwagwi kwa kuloweka mizizi. Kwa hiyo jua ndilo hutegemewa, ingawa kuanika peke yake huweza kuacha robo hadi theluthi ya sumu.

Hatari huja wakati wa njaa. Ghala likiwa tupu, nani atangoje makopa yakauke? Ipo njia ya haraka, chinyanya: muhogo mbichi hutwangwa, huanikwa, hutwangwa tena, na unga kupatikana siku ile ile. Kutwanga si kosa, maana ndiko kunakokutanisha kimeng'enya na linamarini. Kosa ni haraka: unga ukikauka mapema mno, maji huondoka kabla kazi ya kimeng'enya haijaisha. Mwaka 1988, katika Wilaya ya Masasi, watu walidhurika kwa muhogo usioandaliwa vya kutosha. Dalili za sumu hiyo ni kizunguzungu, kichwa kuuma, kutapika na kulegea, ikizidi, huua.

Kuna na dhara lisilopona. Mwili huiondoa sianidi kwa kutumia salfa itokayo katika protini. Anayekula muhogo wenye sumu majuma mengi, bila maharage, samaki wala nyama, huweza kupatwa na konzo: miguu hukakamaa ghafla na kubaki hivyo maisha. Wapatwao zaidi ni watoto na wanawake wenye umri wa kuzaa. Mlipuko wake ulitokea Mtwara miaka ya 2001 na 2002.

Howard Bradbury, mkemia wa Australia, alibuni hatua moja ya ziada isiyohitaji maji mengi. Unga huchanganywa na maji hata ulowe, hutandazwa kwa tabaka la unene usiozidi sentimita 1, na kuachwa saa 5 kivulini au saa 2 juani. Kimeng'enya kilichosalia hurudia kazi yake. Njia hiyo imetumika katika vijiji vya Kongo tangu mwaka 2010. Baada ya hapo unga husongwa ugali siku iyo hiyo, kwa kuwa unga uliolowa, ukilala, huharibika.