Washa ufw kwanza, VPN baadaye

Wadau, mie nauza korosho zilizobanguliwa mtandaoni, nipo Mtwara mjini. Kompyuta yangu ya mtumba inatumia Ubuntu, na nilijua Linux haiingiliki. Siku moja jirani yangu hapa Chikongola, tunachangia waifai moja, akaniuliza, "Kaka, mbona orodha ya wateja wako naiona kwangu?" Majina, namba za simu, nani anadaiwa kiasi gani, yote! Nilishea folda siku ya kuprinti risiti, nikasahau kuifunga.

Ubuntu inakuja na fayawoli inaitwa ufw, ila unaikuta imezimwa. Fungua teminali, andika sudo ufw enable, weka nywila yako. Kisha andika sudo ufw status. Ikijibu active, kompyuta nyingine kwenye waifai hiyo haziingii tena kwako, wewe unaperuzi kama kawaida. Teminali inakutisha? Weka Gufw, unabonyeza tu. Zote bure.

Lakini fayawoli haizuii linki uliyobonyeza mwenyewe, wala meseji za "ile hela tuma kwenye namba hii". Kwa matangazo na tovuti zinazokufuatilia, weka uBlock Origin kwenye Firefox.

VPN nimeiacha. Oktoba 2023 TCRA walitaka wanaoitumia wajisajili, na hata hivyo haifungi folda uliyoiacha wazi mwenyewe.

Wateja wale niliwapigia mmoja mmoja kuwaambia. Aibu niliyoipata, acha tu. Mmoja hajanunua tena mpaka leo.