Je, Wajua? Mtumbwi, Baridi ya Julai na Shaba

Je, wajua kwamba usiku wa Julai mjini Lubumbashi una baridi kuliko usiku wa Julai katika misitu ya kaskazini ya Minnesota, kule Marekani mpakani na Kanada? Mji wetu umekaa kwenye mwinuko wa mita 1,200 hivi, na katikati ya kiangazi kipimajoto hushuka chini ya nyuzi 10 mara kwa mara. Kule, vijana wanaopiga kambi kando ya maziwa wako kwenye msimu wao wa joto, na kinachowakosesha usingizi ni mbu. Mtoto wa Katuba au Kamalondo anayekwenda kambi ya skauti wakati wa likizo kubwa huulizwa kwanza kama amefunga blanketi.

Misitu hiyo ya Minnesota inaitwa Boundary Waters: zaidi ya hekta 400,000, maziwa zaidi ya 1,000, chini ya ulinzi wa sheria ya nyika ya mwaka 1964. Injini zimepigwa marufuku sehemu kubwa ya eneo hilo. Kambi ya Widjiwagan, ya shirika la YMCA, iko karibu na mji mdogo wa Ely na imekuwa ikipokea vijana tangu 1929. Barabara hamna, kwa hiyo ziwa likiisha mtumbwi unabebwa hadi ziwa linalofuata. Na njia hizo za miguu, kwenye ramani za huko, hazipimwi kwa mita wala kwa maili. Zinapimwa kwa kipimo cha zamani cha wapima ardhi wa Uingereza, mita 5 na ushee, ambacho kwa bahati nzuri kinakaribiana na urefu wa mtumbwi wenyewe. Ukiambiwa njia ni ya 100, piga picha ya mitumbwi 100 imelala mmoja nyuma ya mwingine.

Kuubeba nako kuna ufundi wake. Mtumbwi unageuzwa kifudifudi, kijana anaingiza kichwa ndani, na gongo lililokingamishwa katikati linamkalia mabegani. Kilo 34 hivi, ikiwa ni ule wa alumini wa kampuni ya Grumman, na mbele haoni zaidi ya hatua chache. Grumman walikuwa watengenezaji wa ndege za kivita. Vita vilipokuwa vinaisha mwaka 1945 wakaanza kukunja bati la ndege kuwa mitumbwi. Wazazi hulipa fedha nyingi ili mtoto wao abebeshwe mzigo huo, jambo ambalo mvuvi wa Kasenga angelisikia angecheka hadi ashike mbavu.

Kabla ya alumini, Waojibwe wa maziwa hayo walitengeneza mitumbwi kwa gome la mti wa betula, wakalishona kwa mizizi na kuziba mishono kwa utomvu. Lakini je, wajua kwamba hata miombo yetu imewahi kutoa mitumbwi ya gome? Katika nchi za miombo, kuanzia Angola hadi mto Ruvuma, watu walibandua gome zima la mti mkubwa, wakafunga ncha zake na kuvukia mto. Kazi hiyo hufaa wakati wa mvua, maji ya mti yanapopanda na gome kuachia shina bila kupasuka. Siku hizi gome hilo ni la mizinga ya nyuki zaidi.

Kwenye mito yetu ya Luapula na Lufira mtumbwi ni wa gogo, umechongwa kutoka shina moja, na hakuna kijana wa kuubeba peke yake. Kwenye matete kafi halifai sana, kwa hiyo mtoto wa mvuvi husimama nyuma na upondo. Anauchomeka hadi chini, anausukuma mkono baada ya mkono mpaka ncha ya juu, kisha anauzungusha kidogo kabla ya kuuchomoa. Mzunguko huo mdogo ndio elimu yenyewe. Anayeusahau, tope linaushika upondo, mtumbwi unakwenda zake, naye anabaki ananing'inia juu ya maji. Kwa mitumbwi hiyo ndiyo Elisabethville, yaani Lubumbashi ya leo, ililishwa: enzi za ukoloni wafanyabiashara wa Kigiriki waliweka kambi zao Kasenga, wakinunua samaki wa Luapula na Mwero kwa ajili ya vibarua wa migodi. Pumbu, samaki aliyependwa kuliko wote, alivuliwa kupita kiasi hadi akaadimika kufikia mwaka 1950.

Skauti waliingia Kongo ya Wabelgiji mwaka 1924, miaka 17 baada ya mwanzilishi wao, Baden-Powell, kupeleka wavulana kama 20 kwenye kisiwa cha Brownsea. Mzee huyo amezikwa Nyeri, Kenya, tangu 1941. Mwaka 1972 Mobutu alivifuta vyama vya vijana vya kidini, maana vijana wote walitakiwa chini ya JMPR, tawi la vijana la chama chake. Desturi moja ya Kibelgiji ni kumpa skauti jina la mnyama pamoja na sifa yake. Hergé, mchoraji wa Tintin, aliitwa Mbweha Mdadisi, na mhusika wake wa kwanza, Totor wa mwaka 1926, alikuwa skauti. Udadisi wenyewe haukumfikisha mbali: alimchora Tintin akiwa Kongo bila yeye kukanyaga huku.

Kuhusu chakula, bukari ni bukari, porini au mjini. Kinachostahili sentensi zaidi ni munkoyo. Unapika uji wa mahindi, unauacha upoe kidogo, unatia mizizi iliyopondwa ya mmea wa munkoyo. Uji mzito unageuka kuwa mwepesi wakati unautazama! Mizizi hiyo ina vimeng'enya vinavyokata wanga kuwa sukari, kazi ambayo watengenezaji wa bia huiachia shayiri iliyochipua. Kesho yake ni kinywaji chenye ukali mtamu.

Kule kaskazini wanaogopa dubu mweusi, kwa hiyo chakula huning'inizwa juu ya mti usiku. Huku kwetu mamba yupo, lakini adui wa kila siku ni konokono mdogo anayebeba kichocho kwenye maji yaliyotuama yenye majani. Kiongozi wa kambi mwenye akili huchagua mahali pa kuogea kabla ya mahali pa hema.

Na maji ya Lufira yana habari nyingine. Ziwa Tshangalele, jirani na Likasi, halikuwapo zamani. Lilitokana na bwawa la Mwadingusha, ambalo Union Minière, kampuni ya migodi ya Wabelgiji, ililimaliza mwaka 1930 ili kupata umeme wa kuchenjua shaba. Watoto wengi wa Lubumbashi wanaijua Lufira kupitia taa tu. Mitumbwi ya wavuvi ikajaa ziwani, na mabaki ya viwanda vya Likasi nayo yakashuka humo, shaba na kobalti vikiwa ndani.

Sasa, je, wajua ni madini gani yamelala chini ya ardhi ya jirani na Boundary Waters? Shaba, nikeli na kobalti. Januari 2023 serikali ya Marekani ilifunga hekta 91,000 za ardhi hiyo zisichimbwe kwa miaka 20, na wanasiasa wamekuwa wakivutana juu ya uamuzi huo. Ely yenyewe ilikuwa mji wa migodi ya chuma kabla ya kuwa mji wa mitumbwi. Mgodi wake wa mwisho, Pioneer, ulifungwa mwaka 1967, mashimo yakajaa maji, na leo ni ziwa ambamo watu huvua samaki. Mwaka huohuo, 1967, mali ya Union Minière nchini Kongo ilitoka mikononi mwa Wabelgiji ikaingia kwenye kampuni ya taifa ambayo baadaye iliitwa Gécamines.