Kurasa za Kumbukumbu: Kubwa au Ndogo?

Mwanafunzi anayesoma habari za kompyuta kwa Kiswahili hukutana na neno "ukurasa" mahali asipolitarajia: ndani ya kumbukumbu ya mashine. Neno limekaa vizuri. Kompyuta (wenzetu wa Kenya huiita tarakilishi) hugawa kumbukumbu yake katika vipande vilivyo sawa, kwa kawaida vya baiti 4,096 kila kimoja, kisha hutunza faharasa inayoonyesha kila ukurasa uko wapi hasa.

Jambo hili linatuhusu hapa Kampala, kwani si kila idara inayoweza kununuliwa seva yake. Seva moja hubebeshwa mashine pepe nyingi, na RENU, mtandao wa utafiti na elimu wa Uganda, hutoa mashine za namna hiyo kwa taasisi wanachama.

Tuchukue seva yenye kumbukumbu ya gigabaiti 64. Kwa kurasa za kilobaiti 4, ina kurasa 16,777,216. Kila mashine pepe ina faharasa yake, na seva nayo ina yake, hivyo kutafuta kitu kimoja hulazimu kupekua zote mbili. Katika kompyuta za kawaida za biti 64, upekuzi ambao ungechukua hatua 4 waweza kufika hatua 24. Dawa yake ni kurasa za megabaiti 2. Idadi hushuka hadi 32,768, na majibu huja upesi.

Lakini msimamizi asishangilie mapema. Fikiria mashine pepe 30 za maabara ya wanafunzi, zote zikitumia mfumo uleule. Kurasa zao nyingi hufanana baiti kwa baiti. Tangu 2009 Linux inaweza kuzitambua, ikabakiza nakala moja inayosomwa na mashine zote. Itakayotaka kuandika hupewa nakala yake. Hapo udogo ni mali. Ukurasa mkubwa hubeba kurasa ndogo 512, na baiti moja tu ikitofautiana, haupati wa kufanana nao mpaka ukatwekatwe kwanza.

Kuunganisha huko nako kuna hatari. Mwaka 2014 VMware iliamua kwamba kurasa za mashine tofauti zisiunganishwe ila msimamizi aruhusu, maana jirani mjanja angeweza kupima muda wa kusoma kumbukumbu akabashiri siri za mwenzake.

Kwa maoni yangu, mashine yenye matokeo ya mitihani ipewe kurasa kubwa na isiunganishwe na yoyote. Za mazoezi zibaki na ndogo. Kumbukumbu ikijaa, kurasa huhamishiwa kwenye diski, na hapo ndipo darasa zima huanza kubonyeza kitufe kilekile mara tatu.