Kachero aliyefuta ushahidi kwa ajili ya penzi

Msomaji, hebu jiweke katika hali hii. Wewe ni afisa wa upelelezi. Kwa siku nyingi umekuwa ukimsaka mtu anayeua wanaume vitandani mwao. Alama za vidole vya muuaji unazo tayari. Mbele yako ipo glasi aliyoishika mwanamke unayemshuku. Unalotakiwa kufanya ni kuitia mfukoni na kuipeleka kwa wataalamu, ukweli ujulikane.

Lakini mwanamke huyo umekwisha kumpenda. Je, utafanyaje?

Frank Keller, kachero wa polisi jijini New York, aliipangusa glasi ile ikawa safi kama iliyotoka dukani. Alama zikafutika, naye akaendelea na penzi lake, huku moyoni akijua kwamba huenda analala na muuaji.

Keller si mtu wa kweli. Ni mhusika mkuu katika "Sea of Love", filamu ya Marekani iliyotoka mwaka wa 1989. Nafasi yake inaigizwa na Al Pacino, aliyekuwa amekaa miaka minne bila kuonekana katika filamu mpya kumbini. Mwanamke huyo, Helen, anaigizwa na Ellen Barkin. Hadithi iliandikwa na Richard Price na kuelekezwa na Harold Becker. Nakuonya mapema kwamba si filamu ya kutazamwa pamoja na watoto, na kwamba makala hii itakufichulia mwisho wake.

Filamu za aina hii zina ukoo wao. Mnamo 1946 wahakiki wa Ufaransa walizipa sinema fulani za Marekani jina la "noir", yaani nyeusi. Zilikuwa hadithi za usiku, mvua, moshi wa sigara, na mwanamume anayevutwa na mwanamke ambaye hajui kama ni malaika au shetani. Zile zilizokuja miaka mingi baadaye zikifuata nyayo hizo huitwa noir mpya, na "Sea of Love" ni mojawapo.

Katika "The Maltese Falcon", filamu ya mwaka wa 1941, mpelelezi Sam Spade anagundua kwamba mwanamke anayempenda ndiye aliyemuua mshirika wake wa kazi. Spade anamkabidhi kwa polisi. Inamuuma, lakini anamkabidhi. Kazi kwanza, mapenzi baadaye.

Keller hana ugumu huo wa roho. Tunapokutana naye ametimiza miaka 20 kazini, ni mlevi, na mkewe amemwacha akaolewa na askari mwenzake. Mwanzoni mwa filamu polisi wanawatega wahalifu kwa kuwaalika kukutana na wachezaji mashuhuri wa timu ya besiboli ya New York Yankees. Mmoja anafika akiwa amechelewa, ameandamana na mwanawe mdogo. Keller anamwonyesha beji yake ya polisi, kisha anamwacha aende zake. Hana moyo wa kumfunga mtu pingu mbele ya mtoto. Hapo tayari unaona kwamba huyu ni askari ambaye huruma humshinda.

Ndipo mauaji yanapoanza. Mwanamume anakutwa amepigwa risasi kitandani, yu uchi, amelala kifudifudi, na santuri ya wimbo wa zamani inalia. Karibu naye pana kipande cha sigara chenye rangi ya mdomo. Mwingine anauawa vivyo hivyo katika mtaa wa Queens. Wote wawili walikuwa wametangaza gazetini kwamba wanatafuta wapenzi, na matangazo yao yaliandikwa kwa vina kama shairi.

Wasomaji wa makamo wanazikumbuka kurasa za marafiki wa kalamu na za kutafuta wachumba. Mtu alijieleza kwa maneno machache, kisha akangoja barua kwa hamu. Leo mambo hayo hufanywa kwa simu, lakini upweke ni ule ule.

Keller na mwenzake kutoka Queens, Sherman, anayeigizwa na John Goodman, wanatoa tangazo lao la vina. Wanawake wanaolijibu wanaalikwa mkahawani mmoja baada ya mwingine. Keller anajifanya mchumba, Sherman anajifanya mhudumu. Kila mwanamke anapoondoka, glasi yake inatiwa mfukoni kwa uchunguzi.

Helen peke yake hanywi chochote. Anamtazama Keller, anaona hamfai, anaondoka. Baadaye wanakutana sokoni kwa bahati, na safari hii mazungumzo yananoga. Sherman anamwonya mwenzake. Wapi! Sikio la kufa halisikii dawa.

Usiku wao wa kwanza Keller anaiona bastola ndani ya mkoba wa Helen na kushikwa na kiwewe. Kumbe ni ile ya kuanzishia mbio, kama tunazozisikia zikilia katika mashindano ya riadha. Penzi linapamba moto. Helen ni mama wa binti mdogo, anasimamia duka la viatu vya bei ghali, na hajui kwamba mpenzi wake ni kachero anayemchunguza. Glasi inapopatikana hatimaye, Keller anaifuta. Halafu siku moja anagundua kwamba Helen alikuwa ameyajibu matangazo ya wote waliouawa. Anamgeukia kwa ukali na kumfukuza.

Hapo ndipo muuaji halisi anapojitokeza, naye si Helen. Ni Terry, mtalaka wake, mwanamume asiyekubali kwamba ndoa imekwisha. Alikuwa akimfuata mkewe wa zamani kisirisiri na kumuua kila mwanamume aliyeonana naye. Sasa zamu ni ya Keller. Wanapigana, na Terry anaanguka kupitia dirishani na kufa.

Sasa, msomaji, turudi kwenye ile glasi. Keller aliifuta akidhani anamwokoa Helen. Kumbe alama za muuaji zilikuwa za mtu mwingine! Laiti angeipeleka kuchunguzwa, jibu lingerudi kwamba hazilingani, na mwanamke wa watu angetakasika siku hiyo hiyo. Glasi aliyoiogopa ndiyo iliyokuwa shahidi wa Helen.

Huo ndio uzito wa filamu hii. Tunaambiwa kwamba mapenzi ni upofu. Keller hakuwa kipofu. Alifumba macho kwa makusudi, na mtu aliyefumba macho bado anashuku. Alimkumbatia Helen usiku na kumshuku mchana. Hakumpa imani wala hakumpa nafasi ya kujitetea. Shaka ambayo haikuulizwa ilizidi kukua, mpaka ikalipuka siku mbaya kabisa.

Jambo la pili ni zito zaidi. Wakati makachero wote wanamsaka mwanamke wa rangi ya mdomo, hatari inatoka kwa mwanamume aliyewahi kuitwa mume. Hilo si la sinema peke yake. Tarehe 27 Januari 2024 maelfu waliandamana Nairobi na miji mingine ya Kenya kupinga mauaji ya wanawake. Mara nyingi mtu anayemuua mwanamke si mgeni wa usiku. Ni yule aliyeshiriki naye meza na kitanda. Kikulacho ki nguoni mwako.

Filamu inamalizika kwa upole. Majuma kadhaa yamepita, Keller ameacha pombe, naye anamtafuta Helen kumwomba waanze upya. Safari hii anakwenda bila tangazo la uongo na bila mhudumu wa bandia.

Nawe je? Huenda ipo glasi nyumbani mwako uliyoifuta: swali ulilomeza kwa kuogopa jibu. Wahenga walisema kuuliza si ujinga. Mketishe mwenzio, muulize kwa upole. Huenda jibu unaloliogopa ndilo litakalomtakasa.