Sindano ya mkono yarejea sokoni: ni nani anayenufaika?

Kila mwaka, majira ya vuli, ukumbi wa George R. Brown mjini Houston, Marekani, hugeuka kuwa soko la vitambaa. Wenye viwanda, wenye maduka, watengenezaji wa cherehani na walimu wa ushonaji hukutana hapo katika maonyesho ya biashara ambayo asili yake ni mwaka 1979. Wafanyabiashara wakishamaliza shughuli zao, watu wote hukaribishwa katika tamasha ambalo chimbuko lake ni mwaka 1974, pale Karey Bresenhan, mwenye duka mjini humo, alipoandaa onyesho dogo la kuwashukuru wateja wake. Ulaya nako hufanyika mikutano ya namna hiyo: Birmingham huko Uingereza, na Cologne huko Ujerumani.

Kinachotawala katika kumbi hizo ni mfarishi, yaani shuka nene lenye matabaka matatu: juu ni viraka vilivyounganishwa kwa mpango maalumu, katikati ni pamba, na chini ni kitambaa kizima. Matabaka hayo hushikwa pamoja kwa mshono unaopita yote matatu. Sisi tunaoishi katika joto la mwambao twaweza kudhani kwamba jambo hilo ni la watu wa nchi za baridi tu. Lakini biashara ya nguo haijapata kututenga. Katika karne ya 19, kitambaa cha pamba kilichofumwa Massachusetts kilishushwa katika bandari ya Unguja kwa wingi hata kikaitwa kwa jina la nchi kilikotoka: marekani. Safari hii mkondo unakwenda upande wa pili. Baadhi ya mitindo inayopendwa mno katika maonyesho ya Magharibi imetoka katika mikono ya watu wenye nasaba ya Afrika na katika mitaa ya miji ya Waislamu. Kwa hiyo tunayo sababu ya kuyatazama yanayotokea huko, na kuuliza faida yake inamwendea nani.

Mashine kubwa, kazi nyepesi

Jambo la kwanza limwelekealo mgeni wa maonyesho haya ni mashine. Katika mwaka 1979 kampuni ya Olfa ya Japani ilitoa kisu chenye wembe wa duara unaozunguka, nacho kikabadili kazi ya kukata. Fundi aliyekuwa akikata kipande kimoja kimoja kwa mkasi akaweza kukata matabaka kadhaa kwa mara moja, huku rula ikimwongoza. Baadaye wenye viwanda wakaanza kuuza vitambaa vilivyokwisha kukatwa: vipande vyenye upana wa inchi mbili na nusu vilivyoviringishwa pamoja, au miraba ya inchi tano na inchi kumi. Mnunuzi hupata rangi zilizokwisha kulinganishwa, naye huanza kushona jioni ile ile.

Kisha kuna cherehani ya mkono mrefu. Hii haiwekwi juu ya meza ya kawaida. Kichwa chake hutembea juu ya reli, na mfarishi hutandazwa katika fremu ndefu kuliko kitanda. Zile zinazoongozwa na kompyuta huchora maua na mawimbi zenyewe, na fundi hubaki kuangalia uzi usikatike. Bei ya mashine ya namna hiyo yaweza kupita dola 20,000. Kwa sababu hiyo wengi hawainunui. Huwapelekea wenye mashine kazi zao na kulipa ujira. Hivyo imezaliwa kazi mpya ya mwanamke aliyeko nyumbani kwake, akipokea mifarishi ya watu na kuimalizia.

Uchapaji wa vitambaa nao umebadilika. Zamani mwenye kiwanda hakukubali kuchapa ila maelfu ya yadi za nakshi moja. Leo, kwa uchapaji wa kidijitali, mtu aweza kuchora nakshi yake na kuagiza yadi moja tu. Kampuni ya Spoonflower, iliyoanzishwa mwaka 2008 huko North Carolina, ni miongoni mwa zilizoifanya biashara hiyo ijulikane.

Hata hivyo wingi wa mashine na bidhaa haukuleta usalama kwa kila mtu. Joann, kampuni ya maduka ya vitambaa iliyoanzishwa Ohio mwaka 1943, ilifunga maduka yake yote, yapatayo 800, katika mwaka 2025. Madeni na ushindani viliishinda. Wanawake wa miji midogo waliozoea kushika kitambaa kwa vidole kabla ya kukinunua wakabaki kununua kwa picha za intaneti.

Kutoka nguo kuukuu

Pamoja na hayo yote, katikati ya vishindo vya mashine, umati hukusanyika pia mbele ya meza zenye sindano, uzi na vitambaa vilivyochakaa. Ushonaji wa polepole, kama wanavyouita, umekuwa mtindo. Watu wazima hujifunza sashiko, mshono wa Wajapani wa kutia nguvu nguo kwa uzi mweupe juu ya kitambaa cha buluu. Wengine hujifunza kutia kiraka kinachoonekana, bila kukificha, ili nguo itumike tena. Kwa Mwislamu hili si geni. Imepokewa kwamba Mtume (s.a.w.) alikuwa akitia viraka nguo yake na kushona viatu vyake kwa mkono wake, na wala hakuliona hilo kuwa ni dhila.

Waliotoa mfano mkubwa katika jambo hili ni wanawake Weusi wa Gee's Bend, kijiji kilichomo katika konde la mto huko Alabama. Mababu zao walikuwa watumwa wa shamba la pamba, na hata jina la Pettway ambalo wengi wao wanalo ni jina la mwenye shamba. Walishona mifarishi kwa suruali za kazi zilizochakaa na magunia, ili watoto wasife kwa baridi. Mwaka 2002 kazi zao zilitundikwa katika jumba la sanaa la Houston, kisha katika jumba la Whitney mjini New York, na mwaka 2006 serikali ya Marekani ikazitia katika stempu za posta. Vijana walioanzisha chama cha mifarishi ya kisasa mwaka 2009 waliiga mengi kutoka kwao: mistari isiyonyooka kwa rula, rangi chache zenye nguvu, na nafasi kubwa iliyoachwa wazi.

Kawandi: kazi ya ndugu zetu wa Karnataka

Mtindo mwingine ulioenea kwa kasi ni kawandi. Hii ni kazi ya Wasiddi, watu wenye asili ya Afrika wanaoishi India tangu karne nyingi zilizopita. Wale wa Karnataka, wengi wao, ni kizazi cha watu waliochukuliwa kutoka upande wetu wa bara hili na kupelekwa Goa, kisha wakatoroka utumwa na kuingia misituni. Miongoni mwao wamo Waislamu, Wakristo na Wahindu, na wanawake wao hushona kwa namna moja.

Namna hiyo inawashangaza washonaji wa Magharibi. Wao huunganisha viraka kwanza, kisha hutia pamba, na mwisho huzungushia upindo. Mwanamke wa Kisiddi huanza na upindo. Hutandaza sari kuukuu, huweka kiraka cha kwanza pembeni, hukunja ukingo wake, na kupiga mshono wa bandi kuzunguka pande zote nne. Kisha huongeza kiraka baada ya kiraka akielekea ndani, na safu za mshono zikimfuata, mpaka akutane na nafsi yake katikati. Hapimi kwa rula wala hachori. Akifika mwisho hushona katika kila pembe vipande vidogo vilivyokunjwa, viitwavyo phula, yaani maua. Bila maua hayo kawandi huhesabiwa kuwa haijakamilika, kama mtu aliye uchi. Wanawake wa Kiislamu wengine hutia mwezi mwandamo katika kazi zao.

Mwaka 2004, kwa msaada wa Henry Drewal, profesa wa sanaa katika Chuo Kikuu cha Wisconsin, uliundwa ushirika wa wanawake hao ili wauze kazi zao. Mwaka 2011 mifarishi yao ilionyeshwa katika kituo cha Schomburg mjini New York. Tangu hapo kawandi imekuwa somo. Walimu wa Ulaya na Marekani huifundisha kwa ada, vitabu vyenye maelezo yake huuzwa, na washonaji wengi hutumia neno hilo.

Hapo ndipo lilipo swali. Ujuzi ukifundishwa haupungui kwa aliyeutoa, na kuenea kwake ni heshima. Lakini mwanamke wa kijijini Karnataka hapati kitu kwa darasa linalofanyika London, ila pale mwalimu anapotaja alikoupata ujuzi huo na kuwaelekeza wanafunzi wake kununua kazi za wenyewe. Wapo walimu wafanyao hivyo, na wapo wasiofanya.

Mafundi wa mahema wa Cairo

Jambo la mafundi wa Cairo ni zito zaidi. Kusini mwa lango la Bab Zuwayla upo mtaa wa Khayamiya, wenye soko lililoezekwa tangu karne ya 17. Humo mafundi wanaume hushona mapambo ya mahema: maua, nyota za pembe nyingi na maandishi ya Kiarabu, kwa vitambaa vya pamba vinavyokatwa na kushonwa juu ya turubai. Mchoro hutobolewa kwa sindano katika karatasi iliyokunjwa, kisha hupakwa unga unaopenya vitundu na kuacha alama katika kitambaa. Fundi hukata, hukunja ukingo kwa ncha ya sindano, na kushona kwa haraka isiyofuatika kwa macho. Cairo ni mji uliokuwa ukishona kiswa cha Al-Kaaba na kukipeleka Makka mpaka mwaka 1962; kazi ya sindano ina hadhi kongwe hapo.

Leo mahema mengi ya Ramadhani, ya harusi na ya matanga nchini Misri hupambwa kwa kitambaa kilichochapwa nakshi hizo hizo kiwandani na kuuzwa kwa mita. Kwa mbali havitofautiani. Kwa bei, vinatofautiana mno. Na baada ya misukosuko ya mwaka 2011 watalii walipungua, na wanunuzi wa kazi ya mkono wakapungua nao.

Kilichowasaidia baadhi yao ni maonyesho ya ushonaji. Jenny Bowker, mshonaji wa Australia ambaye mumewe alikuwa balozi nchini Misri, alipeleka kazi zao Melbourne mwaka 2007. Baadaye mafundi wenyewe walisafiri, wakaketi na kushona mbele ya watu, Marekani pia, pamoja na Paducah huko Kentucky, mji mashuhuri kwa mifarishi. Wanawake wanaojua ugumu wa kukunja ukingo mwembamba walisimama wakiwatazama, kisha wakanunua. Kazi ile ile ambayo nyumbani ililinganishwa na kitambaa cha kiwandani, huko ilipimwa na watu waliojua kuipima. Mwaka 2015 filamu juu yao, iliyotengenezwa na Kim Beamish, ikaongeza sifa.

Na sisi je?

Tunalo jambo letu lenye sura hiyo hiyo. Kofia ya viua, ishonwayo kwa mkono Unguja na Lamu, huchukua wiki nyingi kumalizika. Pembeni yake sokoni imewekwa kofia ya mashine yenye nakshi ya kufanana. Mnunuzi asiyejua tofauti atachukua ya bei nafuu, na hatulaumiki kwa kutafuta nafuu. Lakini mwenye kujua ni nani, iwapo watoto wetu hawajapata kushika sindano? Fundi wa Cairo aliokolewa na mnunuzi aliyekwisha kujaribu kazi hiyo kwa vidole vyake mwenyewe. Mtoto wa kiume au wa kike aliyepiga bandi kiraka kimoja hatadharau tena kofia ya babu yake.

Kuanza hakuhitaji mashine ya dola 20,000. Kwa fundi cherehani yeyote vipo vipande vya kanga na vitenge vinavyotupwa. Chagua vya pamba tupu, maana vikichanganywa na nailoni hunyauka kwa njia tofauti. Vifue kwanza ili virudi na kuchuja rangi, kisha vipigwe pasi. Chini weka kanga kuukuu, anza pembeni kama wafanyavyo Wasiddi, na usogee ndani. Kitambaa cha ukubwa wa msala au tandiko la mtoto mchanga kinatosha kwa kazi ya kwanza, nacho hakihitaji pamba katikati.

Na mama au dada atakayetaka kuuza, ahesabu saa zake. Tuseme ametumia saa 60 na kuuza kwa shilingi 120,000: amepata shilingi 2,000 kwa saa, na humo hajatoa bei ya uzi wala nauli ya kwenda sokoni. Aandike saa hizo katika daftari tangu siku ya kwanza, na amweleze mnunuzi. Anayenunua kazi ya mkono na ajue ananunua siku za mtu, na anayeuza asione haya kuzitaja.