HERUFI NAZO ZINA SURA

Katika Barabara ya Nasser, Kampala, penye wapiga chapa wengi, mteja huja na picha ya kibao cha zamani na kusema, "Nataka herufi kama hizi." Jina la fonti hiyo halijui. Fundi akikosea, karatasi zimekwisha chapwa na ugomvi wa hasara umeanza.

Fundi mwenye jicho hasomi neno, hutazama viungo. Helvetica ya Uswisi (1957) na Arial (1982) hufanana kama ndugu wa tumbo moja. Lakini kichwa cha t ya Helvetica kimekatwa sawasawa, cha Arial kimekatwa mshazari. Tena Waganda wana ŋ yao, ile ya eŋŋoma. Fonti ikiwa haina herufi hiyo, kompyuta huazima ya fonti nyingine, nayo hukaa kama mgeni katikati ya neno. Hapo jicho hushika mara moja.

Mchuma chai yamhusu nini? Mwaka 2017 huko Pakistan, hati ya familia ya Waziri Mkuu Nawaz Sharif, yenye tarehe ya Februari 2006, ilitiliwa shaka kwa kuwa ilipigwa kwa Calibri, fonti iliyowafikia watu wengi mwaka 2007.

Basi ndugu, ukioneshwa mkataba wa zamani usioukumbuka, usitazame sahihi peke yake. Omba nakala, piga picha ya herufi kwa karibu, umpelekee mpiga chapa.