Biliari Lubumbashi: efe haivuti mpira kwenye shimo, inatayarisha pigo linalofuata

Umebaki mpira mweusi peke yake, karibu na shimo la kona. Mweupe uko mbali, upande wa pili wa meza. Mchezaji anapaka chaki, anapiga mweupe kwa nguvu upande wa kuume ili kuonyesha ufundi wake. Mweusi unagonga mdomo wa shimo na kurudi mezani. Mpinzani anamaliza kwa pigo moja.

Katika baa za Kenya, Katuba au Kamalondo, mara nyingi anayeshindwa ndiye analipa meza na kumwachia mwingine nafasi. Kosa la milimita chache linalipwa kwa franka.

Wengi wanasema jicho ndilo lilikosea. Lakini mara nyingi kosa ni la efe, yaani kupiga mpira mweupe pembeni ili uzunguke huku ukienda.

Ukipiga mweupe upande wa kuume, haufuati sawasawa mstari wa fimbo: unakengeuka kidogo kushoto. Ukiwa mbali na mpira unaoulenga, kosa hilo dogo linakua njiani. Kisha mipira inapogusana, mzunguko wa mweupe unasukuma ule mwingine kidogo kushoto pia. Msukumo huo unaonekana zaidi kwa pigo la polepole, mipira ikiwa karibu. Wakati wa kiangazi, vumbi la Lubumbashi linapokaa juu ya mipira, msuguano unaongezeka na msukumo unakuwa mkubwa zaidi. Kufuta mipira kabla ya kuanza si kujivuna, ni kujikinga.

Basi efe ni ya nini? Kazi yake kubwa inaonekana mweupe unapogonga ukingo wa meza. Efe ya kuume inaurudisha ukielekea kuume. Ya kushoto, kushoto. Hivyo mchezaji anaingiza mpira wa kwanza huku akiuweka mweupe mahali pazuri kwa wa pili.

Ufundi huu una historia. Mwanzoni mwa karne ya 19, Mfaransa François Mingaud alieneza ncha ya ngozi kwenye fimbo, ngozi inayoshika mpira bila kuteleza. Mwaka 1835, mwanahesabu Gaspard-Gustave Coriolis, anayejulikana zaidi kwa nguvu inayopindisha pepo za dunia, alitoa kitabu kizima kuhusu hesabu za efe katika biliari.

Kwa anayejifunza, hatua ni nne. Kwanza, ujue kuingiza mpira bila efe. Pili, ukihitaji efe, anza na kidogo, karibu na katikati ya mpira. Ukipita nusu ya njia kati ya katikati na ukingo wake, fimbo inateleza hata ukiwa na chaki. Tatu, shika fimbo karibu usawa na meza. Ukiinua nyuma yake, mweupe unapinda njiani. Nne, rudia pigo moja mara kumi kwa nguvu ileile, utazame mpira unakosea upande gani, ndipo ubadilishe shabaha.

Na kama pigo la katikati linatosha kuacha mweupe pazuri, acha efe. Watazamaji hawatashangilia, lakini meza italipwa na mwingine.